Shajara ya mradi: kadi za a, an na the kwa watu wa mlimani, Moshi

Machi, kabla ya mvua

Tumekubaliana kazi ni moja: kadi za mfukoni za kumsaidia mtu wa mlimani, anayefanya kazi na wageni wa Kilimanjaro, kuweka a, an na the za Kiingereza mahali pake, na kuziacha pale zisipotakiwa. Kitabu cha sarufi hatutengenezi. Vitabu hivyo vipo, na hawa niliowapata wamevipitia shuleni mpaka kidato cha nne. Kuna wagumu, yaani wapagazi, wanaotaka kuwa wasaidizi wa waongozaji, kuna weita wawili watatu, na kuna waongozaji wenye leseni wanaoandikiana barua pepe na wageni, kisha wanaona haya wakisoma walichotuma. Kiingereza wanacho. Mgeni anawaelewa, nyakati za vitenzi haziwasumbui sana. Vijineno hivi vitatu ndivyo vimegoma. Nadhani ndivyo kiwango cha kati kilivyo: makosa makubwa yameshaisha, yamebaki yale ambayo hakuna anayekusimamisha kwa ajili yake, na kwa kuwa hakuna anayekusimamisha, hayaishi.

Ratiba yetu inapangwa na masika. Aprili na Mei mlima unapoa, watu wako nyumbani Pasua, Majengo na Rau, wengine wanashuka kutoka Machame. Juni wageni wakirudi, darasa litabaki na viti.

Tunakutana chumba cha nyuma cha steshenari moja karibu na soko la Mbuyuni. Mama mwenye duka hataki kodi, anataka binti yake akae darasani. Mvua ikipiga bati tunanyamaza wote mpaka ipite.

Aprili, wiki ya kwanza

Zoezi la kufungulia: kila mtu aandike brifingi ya jioni, ile wanayopewa wageni hotelini kabla ya kuanza kupanda. Nimenakili moja ubaoni, mwenyewe karidhia:

"Tomorrow we go to gate. You will sign book. Ranger will check permit. Porters will carry luggages. In camp waiter will bring tea and popcorn."

Huyu hakuweka kijineno hata kimoja. Jirani yake kaviweka, tena kwa bidii: "Tomorrow we will go to a gate. A ranger will check a permit. A cook will make a tea." Nilipouliza kwa nini, jibu lilikuja bila kusita: "Si ndivyo tulivyofundishwa, Mwalimu? Kitu kikitajwa mara ya kwanza ni a, mara ya pili ni the."

Sheria hiyo kila aliyesoma sekondari anaijua, na kwenye hadithi inafanya kazi. Kwenye brifingi inavunjika. Mgeni akiambiwa "we will go to a gate" anaelewa mtakwenda kwenye geti fulani, lolote lile, na pengine wewe mwenyewe hujaamua lipi. Yeye kalipia njia ya Machame, na geti la Machame ni moja. Basi ni "the gate" hata kama hakuna aliyelitaja tangu asubuhi. Mpishi wa safari ni mmoja, "the cook". Kibali ni hicho chenu, "the permit" au "our permit". Daftari la kusaini lipo pale getini na kila anayepanda anasaini hilo hilo: "the register". Lakini askari wa hifadhi getini wako kadhaa, na mgeni hajali ni yupi atakayekagua karatasi, kwa hiyo "a ranger" imekaa vizuri. Jirani aliyeweka a kila mahali kaipata hiyo moja.

Uamuzi: kadi ya kwanza haitakuwa na habari za mara ya kwanza na mara ya pili. Itakuwa na swali. Mgeni anajua ni kipi? Akijua, the. Asipojua, na kitu chenyewe ni kimoja na kinahesabika, a au an. Atajuaje? Huenda mmeshakitaja. Huenda kipo kimoja tu duniani au safarini, kama the sun na the summit. Huenda kipo mbele ya macho yake, au umemwambia palepale ni kipi: "the bag you left at the hotel". Kutajwa mara ya pili ni sababu mojawapo tu ya kujua, na shuleni ndiyo pekee tuliyopewa.

Aprili, siku chache baadaye

Swali limeshika upesi kuliko nilivyotarajia, na aliyelishikisha ni dada mmoja wa mapokezi hotelini. Watu hupenda kusema Kiswahili hakina a wala the, kwa hiyo Mswahili hana pa kushikia. Vijineno kweli hatuna. Maana yake tunayo na tunaitumia kutwa. Dada alitoa mfano wa kazini kwake: "Umeleta begi?" na "Umelileta begi?" Darasa zima lilijua tofauti kabla hajamaliza. Kwa la kwanza unauliza kama mtu amekuja na begi, lolote. Kwa la pili kuna begi mnalolijua wote wawili, na lisipoonekana kuna mtu atalipa. Ile -li- iliyoingia kwenye kitenzi inafanya kazi ambayo Mwingereza anaifanya kwa the.

Mwingine akaleta hadithi. Palikuwa na mfalme mmoja. Mfalme yule akaoa. Mmoja, kisha yule. Kiingereza chenyewe kilipita njia hii: an zamani lilikuwa ndilo neno la moja, na the limetoka kwenye maneno ya kuonyesha, ukoo mmoja na that. Hata hiyo n ya an ndiyo ya asili, ikaja kudondoka mbele ya konsonanti, ingawa shuleni tunafundishwa kana kwamba imebandikwa baadaye.

Tahadhari imeandikwa nyuma ya kadi: kipimo hiki cha kitenzi ni cha vitu. Kwa watu na wanyama hakifai, maana "nimemwona mgeni" anaweza kuwa mgeni yeyote, kiambishi kinakaa tu.

Aprili, katikati

Kadi ya an imekwisha kwa kikao kimoja. Sikio ndilo linaloamua, herufi haina neno. An hour, an honest man, an MP. A uniform, a university, a European guest, a one-day trip. Mfano waliouchukua haraka ni ule wanaousema kazini: Kilimanjaro National Park ni "a UNESCO World Heritage Site" tangu 1987, na ni a kwa sababu mdomoni UNESCO inaanza na y. Tumeendelea.

Aprili, mwishoni

Hapa pamekuwa pagumu na nimepunguza mambo mengine ili tukae hapa.

Luggages, equipments, informations, advices. Nimeziona kwenye kila karatasi. Kosa halitokani na uvivu. Mzigo mmoja, mizigo miwili, kifaa, vifaa, taarifa hii, taarifa hizi. Sisi tunavihesabu na Mwingereza havihesabu, basi. Mtu akitafuta mantiki ya dunia hataipata: bag inahesabika na luggage haihesabiki, ingawa ni vitu vilevile vimelala kwenye mzani mmoja getini. Kwa hiyo "a luggage" haipo. Sema "a bag", au "a piece of luggage" ukitaka kujipinda. "A good news" haipo pia, wala "a bad weather". Unaweza kusema "a bad day", "a cold wind", "a storm". Lakini rain, snow na ice husimama zenyewe unapozitaja kwa jumla, na ukitaja zile mlizokanyaga jana, the inarudi: "the snow was deep".

Popcorn na tea zilileta ubishi. Weita mmoja alisema amewasikia wageni kwa masikio yake wakiagiza "a tea and two coffees". Ni kweli, na si kosa. Kwenye meza ya kuagizia wanahesabu vikombe. Mpishi anapochemsha birika zima ni "make tea".

Yaliyowagusa zaidi yalikuwa kwenye barua za kuomba kazi. "I am guide": Kiswahili kinaridhika na "mimi ni mwongozaji", Kiingereza kinadai a mbele ya kazi ya mtu mmoja, "I am a guide". "I am looking for a work": work haihesabiki, job inahesabika, kwa hiyo "a job" au "work" tupu. "I have an experience in tourism": ujuzi wa miaka hauna a, "I have experience". Ukiweka an umetaja tukio, jambo moja lililokupata, na msomaji anabaki anasubiri usimulie lilikuwaje. Kaka mmoja alitoa simu, akafungua barua aliyoituma mwezi uliopita, akaisoma kimya kisha akairudisha mfukoni bila neno. Hatukumuuliza.

Kwenye kadi sitaweka jedwali refu la nomino zisizohesabika. Nitaweka zile za kazi yao tu, kila moja na mwenzake anayehesabika pembeni: luggage na bag, equipment na tent, work na job, advice na tip, weather na day.

Mei, wiki ya kwanza

Kambi ya Barafu, juu mlimani. Haina chanzo cha maji. Maji hubebwa kutoka Karanga, chini yake, na kila mtu chumbani hapa ama ameyabeba au ameyasubiri. Nikaandika sentensi mbili ubaoni. "There is little water at Barafu." "There is a little water at Barafu."

Ya kwanza inaonya: maji ni machache, hayatoshi, jihadhari. Ya pili inatuliza: si mengi, ila yapo. Kwetu ni "maji ni kidogo" na "maji kidogo yapo", na hakuna anayezichanganya. Kijana aliyeitwa kuigiza brifingi alisema ya pili huku uso wake ukimaanisha ya kwanza. Mzee mmoja aliyeongoza watu tangu vijana wengi humu hawajazaliwa akamkata: "Mdogo wangu, kwa maneno hayo watanawia maji ya kunywa."

Few na a few ni hivyo hivyo. "Few guests reached the summit" ni habari ya masikitiko, "a few guests reached the summit" ni habari ya kawaida yenye heri kidogo.

Lakini nimeandika jambo moja kwenye kadi ambalo vitabu havilisemi kwa sauti. Ile a ni nyepesi mno. Penye upepo, mgeni kavaa kofia mpaka masikioni, hataisikia ikiwepo wala hatajua haipo. Ukitaka kuonya, usitegemee kutokuwepo kwa herufi. Sema "not much water" au "very little water". Sarufi sahihi isiyosikika haimsaidii mtu aliye juu ya mita 4,600.

Mei, bado wiki hiyo

Redio na maradhi. Ujumbe wa mfano walioandika: "Guest has headache, need oxygen." Kwenye redio watu hukata maneno na hakuna anayelalamika. Ripoti inayoandikwa baadaye ndiyo tunayoitafutia sura.

Dalili nyingi zina a: a headache, a cough, a fever, a sore throat. Majina ya magonjwa hayana kitu: malaria, asthma, pneumonia, altitude sickness. Mafua ni "a cold", yana a kama dalili. Kichefuchefu, nausea, na kuharisha, diarrhoea, hazina, na nimezihamishia kwenye kadi ya visivyohesabika. Oxygen haina, chupa yake inayo: "an oxygen bottle". Tuliwasiliana "by radio", bila kitu. Tulizungumza "on the radio", na the.

Mgonjwa akishushwa mpaka hospitali, Mwingereza atasema "he is in hospital" na Mmarekani "he is in the hospital". Zote ni sahihi. Nimeweka zote mbili, maana mwongozaji anapokea wageni wa pande zote na hana sababu ya kudhani mmoja wao kakosea.

Mei, katikati

Majina ya mahali. Nilidhani tutapita haraka.

Wengi wao wanasema "the Kilimanjaro", na wanasema kwa kujiamini kabisa. Walipoipata si shuleni. Wameisikia kwa wageni. Mjerumani kwake ni der Kilimandscharo, Mfaransa le Kilimandjaro, Mhispania el Kilimanjaro, na kila mmoja akihamia Kiingereza anavuka na kijineno chake. Mrusi, Mpolandi na Mjapani, kwa upande wao, ni kama sisi, lugha zao hazina vijineno hivi, basi wanaviacha hata panapotakiwa. Ushauri maarufu hapa mjini ni "kaa na wageni, Kiingereza kitakuja chenyewe". Kitakuja, lakini hakitakuwa cha Mwingereza, maana nusu ya wanaokifundisha kambini nao ni wanafunzi.

Nimewapangia majina kwenye safari ya basi ya kwenda Dar, ambayo wote wameipanda. Kilimanjaro inabaki nyuma, mlima mmoja, hauna kitu. Kadhalika Mount Meru, na Lake Chala na Lake Jipe, maana ziwa moja nalo halina. Kushoto inakuja safu, na safu ina the: the Pare Mountains, kisha the Usambara Mountains. Korogwe mto, the Pangani. Mwisho wa safari bahari, the Indian Ocean. Miji yote ya njiani, Mwanga, Same, Mombo, haina kitu.

Juu mlimani: Uhuru Peak, Stella Point na Barafu Camp hazina. The Barranco Wall na the Machame route zina. Upande wa mbuga, "the Serengeti" ina the ikisimama peke yake na inaiacha ikipata jina kamili, Serengeti National Park, wakati jirani yake ni the Ngorongoro Conservation Area. Hapo nimewaambia wazi: msitafute sheria, jifunzeni jina na kijineno chake pamoja.

Vifupisho viliwafurahisha kuliko nilivyodhani. Kinachosomwa kama neno hakina the: TANAPA ya hifadhi za taifa, KINAPA ya hifadhi ya mlima wetu, UNESCO. Kinachosomwa herufi moja moja, kikiwa jumuiya au taasisi ya namna hiyo, kwa kawaida kinayo: the UN, the EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki). Kwa hiyo ukienda Arusha unaweza kupita ofisi kuu za TANAPA na za the EAC siku moja, moja bila na nyingine nayo. "Na KCMC, Mwalimu?" Hospitali na vyuo hujitoa kwenye sheria hiyo. "At KCMC", hakuna kitu.

Mei, wiki ya tatu

Swali bora la mradi mzima limetoka kwa mgumu ambaye tangu Aprili alikuwa kimya. Alikuja na picha kwenye simu, yeye na wageni mbele ya kibao cha kileleni. "Mwalimu, unasema the highest, the largest. Kibao hiki kila mgeni anapiga nacho picha, na the hakina hata moja."

Kweli hakina. "Africa's highest point." "World's highest free-standing mountain." "One of world's largest volcanoes." Tumekaa na picha hiyo kikao kizima.

Mstari wa kwanza ni sahihi popote, kwa kusema na kwa kuandika. Africa's imeshajaza nafasi ya the. Mwenye mali akitajwa, kijineno hakiingii tena, kama ambavyo huwezi kusema "the my tent". Ukiondoa mwenye mali, the inarudi: "the highest point in Africa".

Mstari wa pili ni wa kibao. Mabango, vichwa vya habari na ujumbe mfupi huacha vijineno ili kubana nafasi, na msomaji anavijaza mwenyewe kichwani. Ukiusema kwa mdomo unavirudisha: "the world's highest free-standing mountain". Hapo wakanibana. Mbona Africa's haina the na world's inayo, na zote ni mwenye mali? Kwa sababu the hiyo ni ya world. Africa ni jina la pekee, halichukui kitu. World ni nomino ya kawaida na dunia ni moja, kwa hiyo ni "the world", na inapokuwa mwenye mali inakwenda na the yake. Kwa sababu hiyo hiyo mstari wa tatu mdomoni unakuwa "one of the world's largest volcanoes".

Mgumu akajaribu mwenyewe bila kuombwa: "the guide's tent", the ni ya guide. "Moshi's market", hakuna. "The cook's knife." Akaendelea mpaka mwenzake akamwambia inatosha.

Kibao kimepata kadi yake. Mbele mistari mitatu kama ilivyo kileleni, nyuma jinsi ya kuisema.

Juni, mwanzo

Kadi zimechapwa. Mama wa steshenari kazivalisha plastiki kwa bei ya kopi. Waliobaki darasani ni wachache, wengine wameshaitwa kazini, kadi zao nimeziacha dukani wazichukue wakishuka.

Kadi niliyoiacha nje ni ya kusema habari za aina nzima ya kitu: simba ni mvivu, tembo anakula kutwa. Wagumu hawaihitaji sana, madereva wa safari wa Arusha ndio wanaishi nayo, na wawili kati yao wameshanitumia sentensi zao. "Lion is lazy animal." "Elephant is eating all day." Kiswahili kinaruhusu umoja mtupu usimame kwa jamii nzima, Kiingereza hakiruhusu. Kinatoa njia tatu: "The lion is a lazy animal", "A lion is a lazy animal", "Lions are lazy animals". Kwa dereva aliyeshika usukani namshauri ya tatu tu. Wingi, bila kitu mbele: lions, elephants, giraffes. The aiweke kwa wale walioko mbele ya gari, "the lions under that tree", ambao mgeni anawaona na anajua ni wepi.

Mmoja kajibu anauliza kama sheep na buffalo nazo zinaingia, maana wingi wake hauonekani. Sheep haionekani kweli, kitenzi ndicho kitakachosema, "sheep are". Buffalo inakubali njia zote mbili, buffalo na buffaloes. Kikao cha Arusha tutakipanga mvua za vuli zikianza, madereva wakipatikana.